Kabari ya Buti la Kulia

Simu ililia Jumatano saa nne asubuhi, na tangu saa nne na dakika tano bibi yangu hakukaa kitako tena. Mimi nilikuwa kwenye cherehani nikishona mkanda wa kiatu cha shule, yeye yuko kwenye kigoda chake akiupaka uzi nta. Simu aliipokea mwenyewe. Alisema "ndiyo" mara tatu, "kesho asubuhi" mara moja, akakata. Kisha akanigeukia na uso ambao sijapata kuuona, na nimemjua kwa miaka thelathini na minne.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita tangu nikiwa wa kubebwa, "wameyapata mabuti."

Nikamuuliza mabuti ya nani, kwa sababu siku hiyo tulikuwa na jozi tisa rafuni ambazo wenyewe walishazisahau.

"Ya Mtukufu," akasema. Uzi ukamdondoka, akaukanyaga, wala hakuuokota. Hapo nikajua jambo si dogo. Bibi yangu huokota hata msumari uliopinda.

Mtaa mzima unamwita Bibi Kisigino. Ana miaka sabini na saba na mgongo umeanza kumkunja, lakini vidole vyake bado vinang'oa soli iliyonishinda mimi na koleo. Akikutana na mtu hutazama miguu kwanza, uso baadaye, na mara nyingi usoni hafiki. Siku nilipomleta mchumba wangu nyumbani, nimejipamba, bibi alimtazama chini kwa muda mrefu kisha akasema, "Huyu hatakutoroka, anakanyaga kwa kisigino." Mwaka wa tisa sasa tumeoana. Mke wangu ananisema kwa mengi, ila kutoroka bado.

Na Mtukufu ndiye mtawala wa mwisho wa himaya iliyoanguka mwaka wa nne wa vita, miaka hamsini na minane iliyopita. Kila aliyefika darasa la tano anaijua picha yake kitabuni: mtu mrefu mwenye koti refu, peke yake, anakata uwanja mkubwa kwenda kwenye meza walipokaa majenerali wa adui, na bega lake la kushoto limezama. Chini ya picha pameandikwa kwamba alichechemea kwa uzito wa majonzi. Tuliyakariri maneno hayo mpaka yakatutoka puani. Tulipokuwa watoto tulicheza mchezo wake: mmoja anachechemea, wengine tunavua kofia na kulaza fimbo chini kama askari walivyolaza bunduki. Bibi akituona hivyo alikuwa akitoka nje. Mimi nilidhani ni heshima.

Basi Jumatano ile alifunga mlango wa duka mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya mazishi ya shemeji yake, akaniambia niache cherehani nimsikilize.

Alipokuwa na miaka kumi na tisa alikuwa mwanafunzi katika karakana ya viatu ya kasri. Kabla ya vita karakana ilikuwa na mafundi kumi na wawili. Kufikia mwaka wa nne walibaki wawili tu, Fundi Mkuu, ambaye macho yake yalikuwa yameingiwa na ukungu, na yeye. Wengine walikuwa vitani au walishakufa. Vioo vya madirisha vilikuwa vimevunjwa na mshindo wa makombora, wakaziba kwa magunia. Ndani ya karakana hiyo kulikuwa na siri moja, na siri hiyo waliijua watu wanne tu: mguu wa kushoto wa Mtukufu ulikuwa mfupi kuliko wa kulia kwa unene wa kidole gumba.

"Mfupi?" nikauliza. "Yule wa kwenye picha?"

"Usinikatize, nitasahau," akasema, na mtu huyu hajasahau kitu tangu vita.

Kila kiatu cha kushoto cha Mtukufu kilifichwa kabari ya ngozi kisiginoni, chini ya soli ya ndani. Kwa kabari hiyo alitembea miaka ishirini na miwili amening'inia wima kama pazia, na himaya nzima haikujua. Ikaja siku ambayo adui alikuwa ng'ambo ya mto, na mchana huo ikatoka amri: mabuti mapya, yawe tayari alfajiri, Mtukufu atatoka kwenda kukutana nao. Fundi Mkuu akashika mkono wa bibi, akauweka juu ya ngozi, akamwambia, "Macho yangu ni wewe."

Karakana ile ilikuwa na sheria moja. Buti likiwa bado limesimama, unachora msalaba wa chaki kwenye kisigino cha lile la kushoto, na msalaba mwingine kwenye kalibu yake, ule mguu wa mti unaoshonewa buti, ndipo unayapindua mapajani ukapigilie soli. Mabuti yakishapinduka, nyayo zikakutazama, kushoto kunahamia kulia, na mabuti yale ya kasri yalikuwa na ncha ya duara, huwezi kuyatofautisha kwa haraka. Kila mwanafunzi hukosea hapo mara moja. Mimi mwenyewe nilikosea, na mzee mmoja wa mtaa wa pili akatembea wiki nzima akilalamikia barabara.

Mchana ule kombora likaanguka nyuma ya ukuta. Lipu ya darini ikamwagika yote juu ya meza, juu ya nywele zake, ndani ya mabuti. Bibi akayapindua kuyakung'uta vumbi. Halafu, yakiwa vilevile yamepinduka, akachukua chaki akachora misalaba yake, kwenye buti na kwenye kalibu, na kabari ikaenda kulikokuwa na msalaba.

"Mkono ulifuata chaki," akaniambia. "Macho hayakuulizwa."

Mtumishi wa chumbani akaja kuyachukua alfajiri, amelia mpaka pua imevimba. Saa tatu asubuhi bibi alikuwa uwanjani katikati ya watu. Askari elfu mbili, ndio waliobaki, walikuwa wamejipanga pande zote mbili. Walikuwa wameapa kati yao kwamba wakimwona Mtukufu anatembea imara hawatakubali meza yoyote, watapigana hapohapo, hata kwa mawe, na kiapo hicho kilishavuma hadi ndani ya kasri. Milango ikafunguka. Akatoka. Hatua ya kwanza bega likazama. Ya pili likazama. Askari wakadhani amejeruhiwa, wengine wakasema ni moyo umevunjika. Sajini mmoja mzee akavua kofia, akalaza bunduki yake chini taratibu, wa pembeni yake akafuata, na mlio wa chuma kugusa mawe ukaenda uwanja mzima mpaka mwisho.

Bibi hakuusubiri mwisho. Alikimbia kurudi karakanani, akaichukua kalibu juu ya meza. Msalaba wa chaki ulikuwa kwenye ya kulia.

Sasa nilielewa kwa nini alikuwa akitoka nje tulipocheza. Lakini hakuwa amemaliza. Mmoja wa askari wale elfu mbili alikuwa babu yangu. Mwaka mmoja baadaye alileta kiatu kitengenezwe, akarudi kukichukua, akarudi tena bila kiatu, wakaoana. Babu mimi namkumbuka vizuri. Alikuwa mcheshi, mtu wa kuvunja watu mbavu, lakini habari ya vita ikitajwa alikuwa akisema sentensi moja tu, ileile, kwenye harusi, kwenye msiba, mezani: "Angetembea sawasawa, ningepigana." Nishani hakuwahi kuivaa. Aliona amelaza bunduki kama mwoga, na alikufa akiona hivyo.

"Miaka thelathini na minane nimelala ubavuni mwake," akasema bibi, "na mimi ndiye niliyemvunja moyo. Kwa kipande cha ngozi. Ningemwambiaje?"

Nikamshika mkono. Akauvuta, maana alikuwa na haraka.

Mabuti yalikuwa yameonekana ndani ya sanduku, kwenye nyumba ya ukoo wa yule mtumishi wa chumbani. Jumba la makumbusho limeyachukua. Wanataka fundi wa kushona mkanda uliokatika kabla hayajawekwa kwenye kabati la kioo, na fundi pekee aliye hai kutoka karakana ya kasri ni Bibi Kisigino. Ila Ijumaa wanakuja wataalamu na mashine ya kuona ndani ya vitu bila kuvifungua. Wataiona kabari, wataiona iko kulia, na jina la Fundi Mkuu, ambalo liko kwenye kibao cha duka letu hadi leo, litaburutwa kila mahali.

"Kwa hiyo?" nikauliza, ingawa nilishaanza kunusa.

"Kwa hiyo kesho ni Alhamisi. Nahitaji dakika tano peke yangu nayo. Naitoa kulia, naitia kushoto, nabandika. Wakija na mashine yao watakuta kazi safi, na mchechemeo utabaki kuwa wa majonzi kama kitabu kinavyosema."

"Bibi, huo ni uhalifu."

"Ni matengenezo. Nimechelewa tu."

"Na wewe mwenyewe utajua."

"Mimi nimejua miaka hamsini na minane, nimezoea. Kazi yako wewe ni kumshughulisha yule mhifadhi."

Sijui kusema uongo. Nikidanganya masikio yananiwaka, na mke wangu hulifaidi sana jambo hilo. Lakini nakiri kwamba moyo ulikuwa unanidunda kwa furaha. Maisha yangu yote nimeshona mikanda, na sasa bibi yangu ananialika kuibia historia.

Alhamisi saa mbili alikuwa mlangoni kabla sijanawa uso. Amevaa koti lake la kijani la sherehe, amebadilisha kamba za viatu, na ndani ya mkoba ana kisu cha kunyoa ngozi, kopo la gundi, sindano, na kabari mpya aliyoikata jana yake endapo ya zamani itameguka. Njiani alitembea mbele yangu. Mtu wa miaka sabini na saba. Nilikuwa nakimbia kidogo ili nimfikie.

"Ukiulizwa mkobani kuna nini?" nikamnong'oneza ngazini.

"Sindano. Mbona una jasho? Jifute, unatuchongea."

Jumba la makumbusho zamani lilikuwa bohari la reli, na bado lina harufu ya mafuta ya mashine. Mhifadhi alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, glavu nyeupe mikononi. Alimwamkia bibi shikamoo mara mbili kwa taharuki, akasema ni heshima, ni heshima kubwa, bibi akaitikia huku akitazama viatu vyake. Akatupeleka chumba cha nyuma, chenye dirisha moja la juu na meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cheupe.

Yalikuwa hapo. Nilitegemea kitu kikubwa, lakini yalikuwa mabuti tu, meusi, yamekauka, mkanda mmoja umekatika. Nywele za mikono zilinisimama hata hivyo. Mabuti haya ndiyo yaliyokata uwanja ule, na mimi nilikuwa na kiatu cha shule kinanisubiri dukani.

Bibi akanikanyaga. Nikakumbuka kazi yangu.

"Samahani, mama," nikamwambia mhifadhi, na masikio yakaanza kuwaka, "pale ukumbini nimeona chungu. Kile chenye ufa. Kina historia gani?"

Sikujua kwamba kile chungu ndicho maisha ya yule mama. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Uso ukamchanua, akanishika kiwiko akaniongoza ukumbini, akaanza na udongo, akaja kwenye moto, akaja kwenye ufa, na ule ufa peke yake ulichukua dakika kumi. Mimi natikisa kichwa, jicho moja kwenye saa ya ukutani. Dakika tano zikapita. Zikapita kumi na tano. Nikaanza kumwona bibi akilini, kidole kimenasa ndani ya buti la Mtukufu, tunatolewa wote wawili na polisi.

Halafu nikasikia anaita. Hakuita kwa sauti ya mtu aliyefumaniwa.

"Mume wangu, njoo. Na huyo mama aje."

Mhifadhi alinitazama kwa namna ambayo ilibidi nimweleze tukiwa tunatembea kwamba mimi ni mjukuu.

Bibi alikuwa amekaa, buti la kulia mapajani, mkono umezama ndani hadi kifundo. Kisu kilikuwa mezani mchana kweupe, na gundi, na kabari yake mpya, wala hakujaribu kuvificha. Alikuwa analia na anatabasamu kwa pamoja.

"Haimo," akasema.

"Nini haimo?" akauliza mhifadhi.

Ndipo bibi akamwambia yote. Lipu, chaki, kalibu, uwanja, hata dakika tano na chungu. Niliposikia ametaja chungu nilitamani sakafu inimeze. Lakini mhifadhi hakukasirika. Alivaa miwani taratibu, akavuta kiti, akasema, "Nionyeshe, bibi."

Bibi akainua soli ya ndani ya buti la kulia kwa ncha ya kisu. Chini yake, kisiginoni, palikuwa na kovu la gundi yake ya zamani, umbo la kabari likionekana wazi, na kabari yenyewe haikuwepo. Ngozi ilikuwa imekwaruzwa ovyo pande zote.

"Hii ni kazi ya kisu cha kukatia karatasi," akasema. "Na mkono huu haujawahi kushika kazi. Tazama alivyochokoa, maskini. Amejikata, nadhani, doa hilo si langu."

Kisha akageuza soli ya ndani upande wa chini. Ilikuwa imebandikwa tena, lakini si kwa gundi. Ilikuwa na matone matano ya kitu chekundu kilichoganda.

Mhifadhi akashusha pumzi. "Lakiri," akasema. "Nta ya kufungia barua. Nyekundu hii ilikuwa ya meza yake peke yake, mtu mwingine haruhusiwi kuigusa. Ninazo barua zake kumi na moja kule kabatini, rangi ni hii hii."

"Na imekandamizwa," akasema bibi. "Weka kidole. Imebonyea kwa kisigino chake. Ameitembelea ikiwa bado haijakauka vizuri. Kwa hiyo ni asubuhi ileile."

Mimi nikawa bado sijafika. Nikasema basi ni vizuri, aligundua kosa akalirekebisha, kwa hiyo hakuna lawama. Bibi akanitazama kama anavyonitazama nikipigilia msumari upande usiofaa.

"Fungua la kushoto," akaniambia.

Nikalifungua. Soli ya ndani ya buti la kushoto ilikuwa na gundi ya bibi tu, safi, haijaguswa tangu karakanani. Hakuna kabari. Hakuna lakiri. Hakuna mkwaruzo.

"Alikuwa nayo mkononi," akasema bibi, polepole, kana kwamba anamhesabia mtoto vidole. "Lakiri bado iko moto. Buti la kushoto liko mbele yake. Miaka ishirini na miwili anajua inapokaa. Ilikuwa ni kuihamisha tu. Na kama hakutaka kujisumbua, kabatini kulikuwa na jozi arobaini, nilizifuta vumbi mimi mwenyewe, zote ziko sawasawa. Hakuihamisha. Aliiweka pembeni, akavaa, akatoka na mguu wake."

Nje, mtu alikuwa anasukuma mkokoteni juu ya mawe, nikausikia mpaka ulipoishia.

Mhifadhi alisema kwamba wataalamu watabishana. Wengine watasema labda kabari ilimdondoka, labda alichanganyikiwa, ni asubuhi ya namna gani ile. Bibi akasema wabishane, ndiyo kazi yao, yeye kazi yake ni visigino. Kisha akauliza kama anaruhusiwa kushona ule mkanda, akashona, mishono kumi na minne ambayo huwezi kuona inapoanzia, na alipomaliza mhifadhi akatoa kadi nyeupe na kalamu. Kwenye kabati la kioo huwekwa maelezo mafupi. Aandike nini?

Bibi akafikiri. "Andika: Kabari iliwekwa na mwanafunzi, katika mguu usiohusika. Fundi Mkuu hakuwa na kosa." Akangoja kalamu imfikie. "Ikatolewa na mwenye mabuti."

"Na jina la mwanafunzi?"

"Andika Kisigino. Wanaonijua watanijua."

Kurudi nyumbani alitembea taratibu, nikamshika mkono, safari hii hakuuvuta. Watoto wa shule walitupita wakikimbizana, akawatazama miguu mmoja mmoja mpaka wakaishia kwenye kona. Nilijaribu kumtania kuhusu chungu, akacheka, lakini akili yake haikuwa kwangu.

Dukani hakwenda kwenye kigoda. Alisimama mbele ya picha ya babu, ile iliyo juu ya rafu ya viatu vilivyosahaulika, babu akiwa na sare yake, hana nishani. Akaifuta kioo kwa mkono wa koti la sherehe. Mimi nikajifanya natafuta uzi chini, na kweli ule wa Jumatano ulikuwa bado pale.

"Mzee wangu," akamwambia, "ulikuwa ukisema angetembea sawasawa ungepigana." "Alijua mngepigana. Ndiyo maana hakutembea sawasawa."

Kisha akavua koti, akalitundika, akaniuliza kile kiatu cha shule kimefikia wapi.